Somo: Kuchagua Upana wa Bamba la Nyuma la Trekta

Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi haina budi kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya magunia huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hushuka daraja hata kama mkulima alilitunza shamba lake vizuri mwaka mzima. Katika mitelemko ya Mlima Kilimanjaro sehemu ya mavuno huangukia ndani ya mvua za vuli, ambazo kwa kawaida huanza mwezi Oktoba. Wakati huo barabara ya kutoka mashambani kwenda kwenye mtambo wa kumenyea hupata mifereji, matope hujaa katikati, na gari la kubeba kahawa hukwama. Hasara ya barabara mbovu haionekani katika hesabu za chama chini ya jina lake. Huonekana chini ya jina la bei ndogo.

Chama cha msingi chenye trekta kinaweza kuitunza barabara hiyo bila kusubiri greda, iwapo kitanunua bamba la kufungwa nyuma ya trekta. Bamba hilo si chombo cha ajabu wala cha bei ya kutisha likilinganishwa na trekta lenyewe. Hata hivyo, mara nyingi upana wake huamuliwa kwa njia mbili zisizofaa. Njia ya kwanza ni kununua lililo rahisi kuliko yote. Njia ya pili ni kununua lililo kubwa kuliko yote, kwa fikra kwamba kikubwa hakikosi kazi. Bamba jembamba kupita kiasi huacha magurudumu yakikanyaga udongo uliokwisha kusawazishwa. Bamba pana kupita kiasi hulishinda trekta, nalo huishia kuegeshwa nyuma ya ghala.

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha wajumbe wa Bodi, Meneja na wanachama kupima mambo matatu kabla ya kununua: upana wa trekta, nguvu na uzito wa trekta, na upana wa barabara. Vifaa vinavyohitajika ni utepe wa kupimia, kamba na kitabu cha maelezo ya trekta.

1. Bamba na kazi zake

Bamba la nyuma ni ubao wa chuma uliopinda kidogo, wenye makali yaliyofungwa kwa bolti upande wa chini. Hushikwa na mikono mitatu ya trekta: miwili ya chini inayonyanyuliwa na haidroliki, na mmoja wa juu. Bamba lililoundwa vizuri huweza kuwekwa katika hali tatu. Kwanza, huzungushwa ili liwe mshazari, ncha moja mbele na nyingine nyuma. Hapo udongo hutiririka kuelekea upande mmoja. Pili, huinamishwa, ncha moja ikawa chini kuliko nyingine. Hali hii hutumika kuchimba mtaro au kutengeneza mgongo wa barabara. Tatu, baadhi ya mabamba huweza kusogezwa pembeni, ili ncha moja ipite nje zaidi ya gurudumu.

Bamba lililonyooka hukokota udongo mbele na kuujaza mashimo, bali halimalizi kazi ya barabara. Kazi kubwa ya barabara ni kuurudisha katikati udongo uliosukumwa na maji na magurudumu kwenda kingoni. Kazi hiyo hufanywa na bamba la mshazari. Kwa sababu hiyo, upana ulioandikwa katika orodha ya muuzaji sio upana ambao chama kitautumia.

2. Upana ulioandikwa na upana unaofanya kazi

Bamba likizungushwa, eneo linalofagiwa hupungua. Pembe hupimwa kuanzia pale bamba linapokuwa limenyooka kukingama na trekta. Hesabu zake ni hizi:

Bamba la futi 5 (mita 1.52): kwa nyuzi 20 hufagia mita 1.43, kwa nyuzi 30, mita 1.32, kwa nyuzi 45, mita 1.08.

Bamba la futi 6 (mita 1.83): kwa nyuzi 20 hufagia mita 1.72, kwa nyuzi 30, mita 1.58, kwa nyuzi 45, mita 1.29.

Bamba la futi 7 (mita 2.13): kwa nyuzi 20 hufagia mita 2.00, kwa nyuzi 30, mita 1.85, kwa nyuzi 45, mita 1.51.

Bamba la futi 8 (mita 2.44): kwa nyuzi 20 hufagia mita 2.29, kwa nyuzi 30, mita 2.11, kwa nyuzi 45, mita 1.72.

Nyuzi 30 ni pembe inayofaa kwa sehemu kubwa ya kazi ya barabara ya udongo. Pembe ikiwa ndogo sana, udongo hautiririki bali hurundikana mbele ya bamba. Pembe ikiwa kubwa sana, eneo linalofagiwa ni dogo na trekta huvutwa kwenda upande mmoja. Wajumbe wanaolinganisha mabamba yafaa watumie tarakimu za nyuzi 30.

3. Kipimo cha kwanza: nyayo za magurudumu

Trekta husimamishwa mahali tambarare. Upana hupimwa kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kushoto hadi ukingo wa nje wa tairi la nyuma la kulia. Kipimo kisichukuliwe katikati ya tairi, wala kisinakiliwe kutoka kitabuni, kwa sababu katika matrekta mengi rimu za nyuma huweza kugeuzwa ili kupanua au kupunguza nafasi baina ya magurudumu. Trekta lililokuwa likilima baina ya mistari ya mahindi huenda limepanuliwa, na lile lililokuwa likipita kati ya mibuni huenda limebanwa.

Kanuni ni kwamba upana wa bamba likiwa katika nyuzi 30 usipungue upana huo wa nje. Bamba likiwa fupi kuliko nyayo, tairi moja hupita juu ya tuta la udongo lililoachwa na bamba. Tairi likipanda tuta, trekta huinama; trekta likiinama, bamba nalo huinama, na mahali palipotakiwa kuwa sawa hutokea bonde. Katika mzunguko unaofuata bonde hilo huongezeka. Dereva hulaumiwa kwa kazi ambayo hata dereva hodari asingeweza kuinyoosha.

Chama ambacho hakina mtu wa kukokotoa pembe kinaweza kutumia kamba. Bamba la kuazima, au ubao wa urefu uleule, huwekwa chini nyuma ya trekta katika mshazari unaotakiwa. Kamba mbili hunyooshwa kutoka kingo za nje za matairi kwenda nyuma. Ncha zote mbili za bamba zikipita nje ya kamba, upana unatosha. Ncha moja ikibaki ndani, upana hautoshi.

4. Kipimo cha pili: nguvu na uzito wa trekta

Kipimo cha kwanza hueleza upana mdogo kabisa unaokubalika. Kipimo cha pili hueleza ukomo wa juu.

Mzigo anaoukuta dereva hutegemea mambo mawili kwa pamoja: upana unaokatwa na kina cha kukata. Bamba la futi 6 katika nyuzi 30, likikata kina cha sentimita 5, hukutana na uso wa udongo wa sentimita 158 kwa 5, yaani sentimita za mraba 790. Bamba la futi 8 kwa kina hicho hicho hukutana na sentimita za mraba 1,055. Hiyo ni nyongeza ya theluthi moja, na injini ni ile ile. Bamba la futi 7 likikata sentimita 4 tu hukutana na sentimita za mraba 740, yaani mzigo mdogo kuliko wa futi 6 lililozamishwa sentimita 5. Kwa hiyo dereva mwenye bamba pana huweza kujiokoa kwa kukata kidogo kidogo, lakini kwa sharti kwamba ana subira na udongo ni laini. Udongo ukiwa mgumu, kina hakipunguziki kama anavyotaka, maana makali huteleza juu au huzama ghafla.

Kwa kawaida trekta la nguvu za farasi 20 hadi 30 huchukua bamba la futi 5. La nguvu 30 hadi 45 huchukua la futi 6. La nguvu 45 hadi 65 huchukua la futi 7. Na bamba la futi 8 huachiwa matrekta makubwa zaidi. Mipaka hii ni ya kuongoza tu. Trekta lililo mpakani huweza kusogea daraja moja juu au chini kwa kutegemea uzito wake, matairi yake na udongo wa mahali.

Nguvu za injini pekee hazivuti bamba. Kinachovuta ni matairi yanayoshika ardhi, na matairi hushika kwa uzito uliopo juu yake. Trekta linaloendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma, juu ya udongo mkavu ulioshikana, huvuta kwa kadiri ya nusu ya uzito ulioegemea magurudumu hayo. Kwa mfano, trekta la kilo 2,000 ambalo kilo 1,300 kati ya hizo ziko nyuma lina mvuto wa takriban kilo 650. Juu ya udongo uliolegea au wenye matope mvuto hupungua sana. Matairi yaliyokwisha meno huupunguza zaidi. Chama kisinunue bamba pana kwa ajili ya trekta lenye matairi yaliyokwisha, kwa matumaini kwamba matairi yatanunuliwa msimu ujao.

Uzito wa bamba nao una pande mbili. Bamba jepesi huruka juu ya udongo mgumu bila kukata, hivyo uzito wake wafaa uwe wa kutosha. Lakini likinyanyuliwa, uzito huo wote huning'inia nyuma, na magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito. Yapasa angalau sehemu moja katika tano ya uzito wote ibaki mbele, la sivyo usukani hautii. Kwa mitelemko ya Kilimanjaro jambo hili ni la kufa na kupona. Dereva apandaye kilima na bamba limenyanyuliwa, kisha akageuza usukani na trekta likaendelea kwenda moja kwa moja, hana nafasi ya kujirekebisha ukingoni mwa korongo. Tiba ni kufunga vyuma vya uzito mbele, au kuchagua bamba lisilo zito kupita uwezo wa trekta.

5. Theluji na udongo si mzigo mmoja

Wanachama wanaosoma vitabu vya watengenezaji waangalie kitabu kiliandikwa kwa kazi gani. Mabamba ya aina hii hutumika sana Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako mwenye trekta dogo huyatumia wakati wa baridi kuondoa theluji katika njia ya nyumba yake. Huko swali la upana huulizwa kama linavyoulizwa hapa, na jibu la nyayo za magurudumu ni lile lile: bamba la mshazari lisipofunika nyayo, tairi hukanyaga theluji na kuishindilia hadi ikawa barafu.

Lakini jibu la nguvu ni tofauti. Mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka karibuni huwa na uzito wa kilo 100 hivi. Mita moja ya ujazo ya udongo uliochimbuliwa huzidi kilo 1,200, na ukiwa na maji huzidi hapo. Isitoshe, theluji mpya husukumwa tu, ilhali udongo wa barabara hauna budi kukatwa kwanza. Ndiyo maana trekta linalosukuma theluji kwa bamba la futi 7 bila taabu huweza kushindwa na bamba hilo hilo kwenye udongo mwekundu. Mwanachama wa Kibosho au Marangu huiona theluji kileleni, bali barabara yake ni ya udongo. Pale kitabu kinapotoa upana kwa theluji, upana huo usichukuliwe kuwa ruhusa ya kazi ya barabara.

6. Kipimo cha tatu: barabara yenyewe

Barabara ya udongo huishi kwa kumwaga maji upesi. Katikati yake huinuliwa ukawa mgongo, na kila upande hushuka kuelekea mtaroni. Mshuko wa asilimia 5 unafaa: katika barabara ya mita 4, nusu moja ni mita 2, hivyo katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 10. Kwa kuwa kila nusu ina mshuko wake, trekta hufanya kazi nusu kwa nusu. Halipaswi kupita katikati likifagia pande zote mbili kwa pamoja, kwani hapo hukata mgongo na kugeuza barabara kuwa mfereji.

Hapa pana hesabu ambayo aghalabu husahauliwa. Idadi ya safari haigawanyiki. Ikiwa nusu ya barabara ni mita 2 na bamba hufagia mita 1.58, safari moja haitoshi, na ya pili ni ya lazima. Bamba likifagia mita 1.85, safari moja bado haitoshi, na ya pili bado ni ya lazima. Hivyo katika barabara ya mita 4, bamba la futi 6 na la futi 7 yote huhitaji safari 4 katika kila mzunguko, mbili kila upande. Futi moja iliyonunuliwa haikupunguza hata safari moja.

Barabara ikiwa ya mita 3.5, nusu yake ni mita 1.75. Bamba la futi 7 huifagia kwa safari moja na kubakiza sentimita 10 za kupandiana. Bamba la futi 6 huhitaji safari mbili. Hapa futi moja ina faida kubwa. Kwa hiyo barabara ipimwe kwa utepe katika sehemu kadhaa, pamoja na daraja au karavati jembamba kuliko yote, kabla ya kuzungumza na muuzaji.

7. Mifano miwili ya kufundishia

Ichukuliwe kwamba chama cha kwanza kina trekta la nguvu 30, lenye upana wa nje wa mita 1.45, na barabara yake ni ya mita 4. Bamba la futi 5 kwa nyuzi 30 hufagia mita 1.32, pungufu ya nyayo kwa sentimita 13. Hata kwa nyuzi 20 hufagia mita 1.43, na bado halitoshi. Bamba la futi 6 hufagia mita 1.58 na hufunika nyayo. Bamba la futi 7 lingefunika zaidi, lakini safari zingebaki 4, na trekta lingebebeshwa mzigo wa daraja la juu. Hata likiwekwa kwa nyuzi 20, bamba hilo hufagia mita 2.00 kamili, bila sentimita moja ya kupandiana. Chama hiki kinunue futi 6, na kwa kuwa trekta lake liko mpakani, dereva aelekezwe kukata kina kidogo.

Chama cha pili kina trekta la nguvu 50, lenye upana wa nje wa mita 1.70, na barabara ya mita 3.5 yenye urefu wa kilomita 3. Bamba la futi 6 hufagia mita 1.58 na haliwezi kufunika nyayo kwa nyuzi 30. Bamba la futi 7 hufagia mita 1.85, hufunika nyayo, na nguvu zinatosha. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, safari moja ya kilomita 3 huchukua dakika 45. Futi 7 kwa safari 2 huchukua saa 1 na nusu kwa mzunguko. Futi 6 kwa safari 4 huchukua saa 3. Barabara ikihitaji mizunguko mitatu, yaani kukata, kusambaza na kumalizia, tofauti ni saa 4 na nusu dhidi ya saa 9, bila kuhesabu kugeuza. Dizeli na posho ya dereva hufuata saa hizo.

Huenda chama kikakuta kwamba vipimo vinapingana: nyayo zinadai futi 7, nguvu zinaruhusu futi 6 tu. Yapo masuluhisho matatu. Magurudumu yasogezwe ndani kwa kugeuza rimu, iwapo trekta linaruhusu na halitapoteza uimara wake kwenye mtelemko. Au pembe ipunguzwe hadi nyuzi 20. Au linunuliwe bamba la futi 6 linaloweza kusogezwa pembeni, ili lifunike unyayo wa upande mmoja, ule ambao udongo unaondolewa. Kununua futi 7 kwa matumaini kwamba trekta litazoea si suluhisho.

8. Kabla ya kununua

Pini za mikono ya trekta zipimwe. Trekta la daraja la 1 lina pini za chini za milimita 22 na ya juu ya milimita 19. La daraja la 2 lina za chini za milimita 28 na ya juu ya milimita 25. Bamba la daraja la 2 halifungiki kwa haki kwenye trekta la daraja la 1, na pini nyembamba ndani ya tundu pana hucheza, hukata tundu na hatimaye huchomoka.

Makali ya bamba yawe ya kubadilishwa, na Meneja aulize mapema kama makali mengine na bolti zake zinapatikana. Makali yakilika bila kubadilishwa, bamba lenyewe huanza kulika, na hasara hiyo haifidiki kwa kuchomelea. Muuzaji aombwe kulionyesha bamba likifanya kazi kwenye udongo, nyuma ya trekta la chama au linalolingana nalo. Bamba linalong'aa katika ua wa duka bado halijasema lolote.

Bodi iweke katika muhtasari vipimo vyote vitatu pamoja na bei za wauzaji zilizolinganishwa, ili mkutano mkuu upate sababu na siyo jina la bidhaa tu. Ikiwa chama kitakopa, deni hilo likae ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavyotaka. Fedha hizo ni kahawa ya wanachama, wakiwamo wale ambao barabara yao haitafikiwa mwaka huu. Nao wana haki ya kujua kwa nini futi 6 na siyo 7.

Jambo jingine ni mamlaka ya barabara. Barabara nyingi za vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Chama kina uhuru juu ya njia za eneo lake la ghala na mtambo. Kwa barabara ya umma, uongozi wa kijiji na meneja wa TARURA wa wilaya waonwe kwanza, na ridhaa ipatikane kwa maandishi. Kuchimba mtaro bila ridhaa huweza kupeleka maji kwenye kihamba cha jirani, na chama kikajikuta barazani badala ya barabarani.

9. Wakati wa kazi na usalama

Barabara hulimwa vema udongo ukiwa na unyevu wa kiasi, unaoshikana ukifumbatwa mkononi lakini hauchafui kiganja. Udongo mkavu hugeuka vumbi na kupeperuka. Matope hujikunja mbele ya bamba na kukauka yakiwa mabonge. Mwisho wa masika na siku za mwanzo wa vuli ndizo siku zake.

Mtu yeyote asisimame wala kukaa juu ya bamba ili kuongeza uzito. Uzito ukitakiwa, vifungwe vyuma au mawe kwa mnyororo. Bamba likigonga mzizi au jiwe, trekta husimama ghafla, na aliyesimama juu yake huangukia mahali pasipo na msaada. Watoto wasifuate trekta nyuma. Trekta likisimama, bamba lishushwe hadi chini kabla injini haijazimwa, na mtu asiingie chini ya bamba lililonyanyuliwa na haidroliki pekee. Dereva atembee njia nzima kwa miguu kabla ya mzunguko wa kwanza na kuweka alama penye visiki, mawe na mabomba ya maji. Kwenye mtelemko wa pembeni asikate akiwa ukingoni kabisa. Udongo wa kingo ulionyeshewa hubomoka bila taarifa.

10. Daftari la bamba

Wahenga wa ushirika husema mali bila daftari hupotea bila habari. Bamba lifunguliwe daftari lake lenye safu hizi: tarehe, barabara, saa za kazi, lita za dizeli, hali ya makali, jina la dereva, na kiasi kilicholipwa ikiwa lilikodishwa. Kwa daftari hilo, mwisho wa mwaka mkutano mkuu utaona kama upana uliochaguliwa ulifaa. Saa zikizidi mno hesabu za awali, au dizeli ikipanda huku kilomita zikiwa zile zile, upo uwezekano kwamba bamba halilingani na trekta, na ni bora kulijua hilo katika mwaka wa kwanza kuliko wa tano.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Pimeni upana wa nje wa trekta la chama chenu. Bamba la futi ngapi litafunika nyayo zake kwa nyuzi 30?

2. Pimeni barabara ya kwenda kwenye ghala au mtambo katika sehemu tano. Kila nusu itahitaji safari ngapi kwa bamba la futi 6, na ngapi kwa futi 7?

3. Chama kina trekta la nguvu 40 lenye upana wa nje wa mita 1.60. Bamba la futi 6 kwa nyuzi 30 hufagia mita 1.58. Je, chama kinunue futi 7, au lipo jambo jingine la kufanya? Toeni sababu.

4. Wanachama wawili wanabishana. Mmoja asema bamba kubwa litakodishwa kwa vyama jirani na kujilipa. Mwingine asema trekta halitalimudu. Ni tarakimu zipi Bodi inapaswa kuwa nazo mkononi kabla mkutano haujapiga kura?

5. Ni nani katika chama chenu atakayetunza daftari la bamba, na ni nani atakayelikagua kila mwezi?